Shokoa na Wapagazi wa Masasi na Newala: Habari za Askofu Aliyekuwa Meja

Kusini mwa Tanzania, baina ya bandari ya Lindi na mto Ruvuma, majabali ya Masasi yamesimama peke yake juu ya nchi tambarare, na mashariki yake huinuka uwanda wa Makonde, ambao ukingoni mwake umekaa mji wa Newala, mahali ambapo mtu akitazama kusini huuona Ruvuma mbali chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo ya pili. Sifa za nchi hii zimekwisha kuandikwa na wengi: uhodari wa wachongaji wake, ustadi wa ngoma zake, na subira ya wakulima wake katika ardhi ambayo maji yake ni haba. Lakini ipo habari nyingine ambayo haijasimuliwa kwa ukamilifu unaostahili, nayo ni habari ya shokoa, yaani kazi ambayo mtu hushikwa akaifanya bila ya ridhaa yake, na hasa shokoa ya kubeba mizigo ya watu wengine. Katika habari hiyo yumo Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilienea hata Masasi na Newala, na ambaye aliitumikia serikali ya Kiingereza vitani akiwa meja wa kikosi cha wapagazi, kisha, amani iliporejea, akasimama hadharani kuishitaki serikali ile ile kwa ajili ya uhuru wa watu waliotakiwa kubeba na kulima kwa nguvu.

Ili tuufahamu uzito wa jambo alilolifanya, yatupasa kwanza kuifahamu nchi yenyewe na yaliyoipata. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa ilishuka hadi Kilwa na Lindi ikileta pembe za ndovu, na aghalabu aliyeibeba pembe alikuwa naye ni bidhaa, akiuzwa pwani pamoja na mzigo wake. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, bingwa yule wa lugha ya Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, akashukia Lindi na kuelekea bara kwa nia ya kuwarejesha karibu na nchi za asili yao. Walipofika Masasi waliipenda ardhi ile, wakaomba wakae hapo hapo, na hivyo ndivyo kilivyoanza kijiji cha misheni chini ya majabali. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara walikishambulia kijiji, wakaua watu na kuchukua mateka. Na baadhi ya walionusurika wakahamia Newala pamoja na mmisionari Chauncy Maples, wakapata himaya ya Matola, mkuu wa Wayao wa huko. Basi misheni zote mbili, ya Masasi na ya Newala, asili yake ni watu walioujua mnyororo kwa shingo zao wenyewe, na mtu yeyote aliyetaka baadaye kusema juu ya kazi ya kulazimishwa katika nchi ile alikuwa akisema mbele ya mashahidi.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitwaa nchi, biashara ya watumwa ilififia, walakini mzigo haukuondoka kichwani. Haikuwapo reli, wala barabara ya magari, na mbung'o hakumwacha farasi wala ng'ombe adumu. Kwa hiyo kila kitu kilichotoka Lindi kwenda bara, tangu risasi za boma hata vitabu vya misheni, kilikwenda juu ya kichwa au bega la mwanadamu. Kuanzia mwaka 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, na aliyekosa fedha ya kulipa alilipa kwa jasho lake. Akida, aghalabu mtu wa pwani asiye na ujamaa na watu wa pale, aliwaamuru majumbe, na majumbe wakawatoa vijana wa kubeba, kulima na kufyeka njia. Aliyekuja kutoka Ulaya kuchunguza mila na ngoma alihitaji wapagazi sawasawa na aliyekuja kukusanya kodi: profesa Karl Weule wa Leipzig, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906 na kuandika mengi juu ya watu wa uwanda ule, alisafiri na vyombo vyake vyote vikiwa vichwani mwa watu.

Yafaa tueleze kwa nini mzigo wa safari ulikuwa mzito zaidi kwa nchi hii kuliko ratili zake zilivyoonyesha mizanini. Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunyesha, lakini mchanga huyameza maji, na kabla ya kujengwa mabomba katika miaka ya 1950 watu wa vijiji vingi waliteremka genge refu kwenda kuteka maji bondeni, kisha wakapanda nayo tena. Mume na mke waligawana siku kwa hesabu: huyu kufyeka kichaka na kulima, huyu maji na jiko. Kijana mmoja akishikwa na kupelekwa Lindi katika majira ya kulima, shamba lake halikungoja arudi. Nyasi ziliota, mtama na mhogo havikupandwa kwa wakati, na njaa ya mwaka uliofuata ikawa ndiyo ujira uliobakia nyumbani. Kwa hiyo shokoa ya mtu mmoja ilikuwa shokoa ya nyumba nzima, na walioitoa amri hawakuiandika hasara hiyo katika daftari lolote.

Watu hawakuyakubali haya kwa kunyamaza. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, vilivyoanzia Umatumbi na kusambaa kusini kote, vilifika Masasi, misheni ikachomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani. Palikuwa na namna nyingine ya upinzani iliyokuwa ya kimya na ya kudumu zaidi, nayo ni kuvuka Ruvuma. Aliyechoshwa na kodi ya Mdachi alivuka kwenda kusini. Aliyechoshwa na kazi ya nguvu ya Mreno alivuka kuja kaskazini. Na mpagazi aliyeona njia imepita karibu na kwao aliutua mzigo usiku na alfajiri hakuonekana. Maofisa waliandika kwamba mtu huyo ametoroka. Insafu yatutaka tuseme kwamba aliutwaa uhuru wake kwa njia pekee aliyoachiwa, na kwamba kabla ya mtetezi yeyote kushika kalamu, wapagazi wenyewe walikwisha kutoa hukumu yao kwa miguu.

Vikaja Vita Vikuu vya mwaka 1914. Kwa kuwa misheni ya Masasi ilikuwa ya Waingereza, Wadachi waliwatia kizuizini wamisionari wake, na walimu na makasisi Waafrika walishukiwa kuwa wapelelezi, wakafungwa, na wengi wakateswa. Kwa muda wa miaka mitatu nchi ilitoa chakula na wapagazi kwa jeshi la Wadachi. Na mwaka 1917 vita vyenyewe vikaingia mlangoni. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba majeshi mawili yalipigana Mahiwa, bara ya Lindi, katika pigano lililokuwa miongoni mwa makali kupita yote katika Afrika ya Mashariki. Mwezi Novemba Jemadari von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wadachi, alirudi nyuma kupitia Chiwata na Nambindinga, juu ya uwanda wa Makonde, ambako aliwaacha wagonjwa na majeruhi na kulipunguza jeshi lake kwa kukosa chakula na dawa. Akapita Newala Waingereza wakiwa nyuma yake, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma hapo Ngomano. Jeshi moja lilitwaa nafaka likikimbia na la pili lilihitaji nafaka likifukuza, na kila moja lilikuwa na wapagazi wengi kuliko askari.

Wapagazi hao, katika pande zote za vita, walikaribia milioni moja tangu mwanzo hata mwisho. Kila mmoja alibeba ratili 50 au 60, akilala mvuani, akila unga uliosagwa vibaya au mchele asiouzoea, na wengi zaidi walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake waliokufa walipita 90,000, na maelfu hawakuandikwa majina yao sawasawa, hata mishahara ya marehemu ikabaki katika hazina ya serikali bila ya kuwafikia watoto wao. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam, ambao leo ni soko kubwa la nchi, ulikuwa kambi ya kikosi hicho.

Hapa ndipo Frank Weston aingiapo. Alizaliwa London mwaka 1871, akasoma elimu ya dini Oxford, na mwaka 1898 alifika Zanzibar, ambako alikuwa mwalimu na kisha mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, mahali walipofundishwa vijana wengi kutoka Masasi. Mwaka 1908 alifanywa askofu wa dayosisi iliyoanzia Unguja ikaenda Bonde na Magila kwa upande mmoja na Masasi na Newala kwa upande wa pili, na katika ziara zake alitembea kwa miguu kwa desturi ya zama hizo, akiwa na wapagazi wake mwenyewe, basi hakuwa mgeni wa kazi hiyo wala wa watu walioifanya. Mwaka 1916, serikali ilipohitaji wapagazi kutoka Unguja kwa ajili ya vita vya bara, alikubali kukiunda kikosi na kukiongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja. Alivuka nao hadi pwani ya Bagamoyo, akaenda nao kwa miguu, akisimamia posho yao, malazi yao na tiba yao. Hoja iliyomwongoza yaeleweka: watu wangechukuliwa, kwa yeye au bila ya yeye, na alipendelea wachukuliwe chini ya mtu aliyeijua lugha yao na aliyejihesabu kuwa na dhima ya roho zao. Lakini hoja njema haifuti ukweli wa cheo. Weston alikuwa mtumishi wa serikali, na amri aliyoitoa asubuhi ya kila safari ilikuwa amri ya dola.

Na kwa muda aliitumikia serikali hiyo kwa kalamu pia. Mwaka 1918 alichapisha waraka wa wazi kwa Jemadari Smuts, aliyewahi kuliongoza jeshi la Waingereza katika vita hivyo, uitwao The Black Slaves of Prussia, ambamo alieleza ukatili wa utawala wa Wadachi: viboko, minyororo, kazi ya kulazimishwa, na mateso ya walimu wake walipokuwa kifungoni. Aliyoyasema yalikuwa na ushahidi, kwani walioteswa walikuwa wanafunzi wake na makasisi wake. Hata hivyo wakati na mahali vilimpa wasikilizaji wepesi. Uingereza ilitaka sababu ya kutorudisha makoloni ya adui, na kila neno lililomshitaki Mdachi lilimfaa Mwingereza. Mtu anayemshutumu adui wa bwana wake hahitaji ushujaa mkubwa, na kama Weston angalikoma hapo, tungalimhesabu miongoni mwa waandishi wa vita, tukapita.

Hakukoma. Tarehe 23 Oktoba 1919 serikali ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, ambayo mwaka uliofuata iliitwa koloni la Kenya, ilitoa waraka kwa maofisa wake kwa amri ya Gavana Edward Northey na saini ya John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mambo ya Waafrika. Walowezi walikuwa wakilalamika kwamba hawapati vibarua wa kutosha, na waraka uliwaagiza maofisa watumie kila njia ya halali kuwashawishi wanaume wenye nguvu waende kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi. Na palipokuwa na mashamba ya karibu, wanawake na watoto nao wahimizwe. Machifu na wazee walitakiwa wasaidie, na majina ya waliosaidia na wasiosaidia yawekwe katika kumbukumbu ili Gavana ayajue. Mtu aliyewahi kuishi chini ya akida haambiwi maana ya ushawishi wa namna hiyo. Chifu akijua kwamba jina lake linaandikwa, hushawishi kwa fimbo.

Maaskofu wawili wa Kiingereza, wa Mombasa na wa Uganda, pamoja na mkuu wa misheni ya Waskochi huko Kikuyu, waliandika maoni yao. Waliyakosoa mambo mengi katika waraka ule, wakaeleza hatari zake kwa wanawake na vijiji. Lakini walikubali kwamba shuruti yenyewe, ikiwekwa wazi katika sheria na kupewa mipaka, yaweza kuvumiliwa. Hapo ndipo Weston alipotengana nao. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kiitwacho The Serfs of Great Britain, na jina lake peke yake lilitosha kuwaudhi wakubwa wa London, maana miaka miwili tu nyuma mwandishi huyo huyo aliwaambia kwamba watumwa ni wa Prussia. Alishikilia kwamba kumlazimisha mtu huru amfanyie kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni dhuluma kwa dhati yake, wala haigeuki kuwa haki kwa kuandikwa vizuri, kwa kulipwa ujira mdogo, au kwa kuwa aliyeiamuru ni Mwingereza. Mfanyabiashara mwenye pishi mbili, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia, kila mtu sokoni humwita mwizi; Weston alikataa kuwa na pishi mbili katika jambo la haki, moja ya kumpimia Mdachi na moja ya kuwapimia ndugu zake.

Naamini kwamba nguvu ya maneno yake ilitoka kambini kuliko maktabani. Aliyekwisha kusimama mbele ya safu ya watu wenye mizigo na kusema neno ambalo kwalo wote waliondoka ajua jambo ambalo msomaji wa sheria halijui: kwamba palipo na shuruti, wema wa msimamizi hupunguza maumivu na hauigusi hali yenyewe, na kwamba msimamizi mwema leo ataondoka kesho na kuiacha amri mikononi mwa asiye mwema.

Sauti yake haikuwa peke yake. J. H. Oldham, katibu wa shirika la misheni huko London, aliwakusanya viongozi wa kanisa na wabunge, Askofu Mkuu wa Canterbury akaingilia kati, na mjadala ukaendelea mwaka mzima na zaidi. Katika muda huo serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya mwaka 1920 iliyoweza kumtaka mtu afanye kazi za umma siku 60 kwa mwaka, na kipande, yaani cheti cha utambulisho, kikaanza kuning'inia shingoni mwa wanaume. Lakini Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, alituma waraka wa kuwakataza maofisa wa serikali kuwatafutia vibarua waajiri binafsi. Ushindi haukuwa mkamilifu, kwani kazi ya umma ya kulazimishwa ilibaki. Hata hivyo dola kubwa ililazimika kurudi nyuma hatua moja mbele ya hoja ya watu wachache.

Ni vema pia kuwataja wengine waliotoka ndani ya serikali wakawa watetezi. Norman Leys alikuwa daktari wa serikali katika Kenya. Alipinga kuhamishwa kwa Wamasai, akahamishwa yeye mwenyewe kupelekwa Nyasaland, na mwaka 1924 akachapisha kitabu kilichoyafunua mambo ya ardhi na kazi. William McGregor Ross alikuwa mkurugenzi wa kazi za umma Nairobi na mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Naye mwaka 1927 aliandika yale aliyoyaona kutoka ndani. Na katika dola ya Wareno, iliyotawala ng'ambo ya Ruvuma, Henrique Galvão, mkaguzi mkuu wa makoloni, alilipelekea bunge la Lisbon mwaka 1947 taarifa juu ya kazi ya nguvu, hasa katika Angola. Taarifa ikafichwa, na mwaka 1952 mwandishi wake akatiwa mbaroni. Watu hawa hawakufanana kwa dini wala siasa. Kilichowakutanisha ni kwamba waliyaona mafaili, walizijua hesabu, na walipokosa kusikilizwa ofisini hawakuihesabu siri ya kazi kuwa kubwa kuliko haki ya mtu.

Weston alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenyewe, ikipata askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas. Katika Tanganyika utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa kisheria mwaka 1922, na mwaka 1930 mataifa yalikubaliana huko Geneva juu ya mkataba wa kukomesha kazi ya shuruti. Walakini sheria njema hulala usingizi panapotokea haja ya wakubwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Tanganyika ilirejea kuwaandikisha watu kwa lazima wakafanye kazi katika mashamba ya katani yaliyokuwa mali ya watu binafsi, jambo lile lile lililokatazwa na waraka wa mwaka 1921. Na kusini ya Ruvuma kazi ya nguvu iliendelea mpaka Wamakonde wengi wakauvuka mto kuja Newala na Mtwara kutafuta kazi na usalama; na tarehe 16 Juni 1960, huko Mueda, watu waliokusanyika kudai haki zao walipigwa risasi na Wareno. Mwaka huo huo alifika Masasi askofu mpya, Trevor Huddleston, ambaye Afrika ya Kusini ilikwisha kumjua kwa kuwatetea watu wa Sophiatown walipokuwa wakiondolewa katika nyumba zao. Akakaa Masasi hadi mwaka 1968, na miaka hiyo wakimbizi wa vita vya ukombozi wa Msumbiji walikuwa wakipokewa katika vijiji vya ukingoni.

Leo Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 25, imeikataza kazi ya shuruti, na aisomaye katika Masasi au Newala huenda akadhani ni maneno ya kawaida yaliyonakiliwa kutoka katiba za mataifa mengine. Babu zake waliyanunua maneno hayo kwa bei kubwa. Waliyanunua waliosafiri kutoka Unguja na Steere wakitafuta pa kukaa, waliotua mizigo usiku na kuvuka Ruvuma, na waliozikwa kando ya njia ya Lindi bila ya jina. Yampasa mwalimu wa shule awafundishe watoto wa kusini habari hizi kama wafundishwavyo habari za wafalme na vita, maana raia asiyejua haki yake iligharimu nini huiachilia kwa urahisi.

Na kwa wale waliopewa mamlaka, tangu mwenyekiti wa kijiji hata mkuu wa idara, maisha ya Weston yana mafundisho ya namna yake. Hakuwa mtu asiye na kasoro. Aliuheshimu utawala wa taifa lake kuliko tunavyoweza kuukubali sisi, na alijiona mlezi wa watu waliokuwa watu wazima. Lakini alipoyaona makosa aliyokuwa ameyahukumu kwa adui yakifanywa na upande wake, hakutafuta jina jingine la kuyaita. Mtumishi wa serikali akiijua dhuluma kwa kuwa aliwahi kuisimamia, basi elimu yake hiyo ni amana ya watu aliowasimamia, na amana hurudishwa kwa wenyewe. Kuirudisha kwaweza kumgharimu cheo, pensheni na marafiki. Kutoirudisha huwagharimu watu uhuru wao, na baina ya gharama hizo mbili mwungwana hahitaji kushauriwa.